Nukta Kwenye Shamba la Ngwali

Katika shehia yao, mwendo mfupi kusini mwa Mtambile, hapakuwa na nyumba ambayo Mardhiya Mjaka hajaingia hadi chumba cha ndani. Ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kujitolea kama mhudumu wa afya. Alijua nani ana mimba kabla mama mkwe hajajua, nani anaficha vidonge vya presha chini ya mto asivimeze, na mtoto gani alizaliwa katika mvua gani. Alikuwa mtalaka wa miaka arubaini na mitatu, akikaa na mama yake, Bi Siti, na mwanawe wa pekee yuko Unguja anasoma. Neno lake lilikuwa neno. Wanawake wakibishana mferejini juu ya dawa au juu ya ukoo, mmoja akisema "kasema Mardhiya," ndoo zilinyanyuliwa na ubishi ukaishia pale.

Kwa hiyo jumuiya moja ya mazingira ilipotaka mtu mmoja kutoka kila shehia wa kurekodi ndege na wanyama kwa simu, Sheha Haroub hakuhangaika kutafuta. Akatoa jina la Mardhiya. Waliochaguliwa wakaitwa Wawi kwa mafunzo ya siku mbili, na aliyewafundisha alikuwa Nassor, afisa wa jumuiya hiyo, mtu mpole asiyepaza sauti. Ukimwona mnyama, aliwaambia, mpige picha, ufungue programu, uandike jina lake na idadi. Simu yenyewe itaweka nukta nyekundu kwenye ramani pale uliposimama, na mtu yeyote, awe Chake Chake awe Japani, akifungua ramani ataiona.

"Simu ikikosea kidogo," akasema Nassor, "ishike nukta kwa kidole, uisogeze."

Siku ya pili Mardhiya alipigiwa simu kwamba kuna mama kashikwa na uchungu, akaondoka kabla ya adhuhuri. Somo la mwisho halikumkuta.

Alianza na ninga aliyetua kwenye mpera wa jirani, kijani tupu, akala matunda mawili kana kwamba kaalikwa. Baada ya siku mbili mtaalamu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alithibitisha jina la ndege na kumwandikia asante. Mardhiya alimsomea mama yake ile asante mara tatu. Wakafuata tumbili, ndege kama chozi na kozi, na kaa wa mikokoni. Kulikuwa na orodha ya warekodi wote wa kisiwa, na jina lake likapanda: la kumi na moja, la sita, la pili. Aliyekuwa juu yake alikuwa mchuuzi wa samaki wa Tumbe aliyepiga picha kila ndege wa pwani. Kufika mwezi wa nane, Mardhiya alikuwa akifungua simu jioni si kwa ajili ya ndege tena. Alikuwa akitazama jina lake.

Nyuma ya shamba la mama yake kulikuwa na bonde dogo lenye makaburi ya ukoo wao. Mitondoo ya pale haikuwahi kuguswa na shoka, maana hakuna aliyethubutu kukata kuni juu ya wazee wake. Mwezi wa tisa Mardhiya alikwenda kufagia kaburi la baba yake baada ya alasiri, akasikia juu yake kelele kama za watu wanaogombea nguo mnadani. Akainua macho. Matawi yalikuwa yamejaa popo, wale wakubwa wenye manyoya mekundu wasiopatikana popote duniani isipokuwa Pemba. Walijifunika mbawa kama watu waliojitanda kanga kwenye baridi. Alikwenda jioni tatu, akakaa kwenye jiwe nje ya makaburi na kuwahesabu wakiruka kwenda kutafuta chakula kabla ya magharibi. Jioni zote tatu alitunza hesabu, na ile ya juu kabisa ilikuwa mia tatu na kumi na wawili.

Alimwambia mama yake. Bi Siti alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Popo na wakae," alisema. "Kwani wanamlia nani? Lakini usije ukaniletea watu na viatu vyao juu ya babu zako."

"Sitamleta mtu, mama."

Angeweza kunyamaza. Popo wangekaa, wafu wangelala, na hakuna ambaye angepungukiwa na kitu. Lakini mia tatu na kumi na wawili! Hakuna mtu kisiwani aliyewahi kuweka kundi jipya kubwa hivyo kwenye ramani ile. Alikaa barazani na simu mapajani, picha tayari, idadi tayari, na nukta nyekundu imetua juu ya kaburi la baba yake. Akaishika kwa kidole. Akaisogeza kuelekea pwani, lakini pale palikuwa na mikoko mitupu, wataalamu wangeshuku. Akaipeleka kwenye shamba la Bi Bimkubwa. Bi Bimkubwa ana wana watano, wakali wote. Akaipitisha shamba la kaka wa Sheha Haroub bila hata kusita. Mwishowe akaifikisha kwenye kichaka cha ukingoni mwa shamba la Ngwali Feruzi, kama kilomita mbili kutoka makaburini, akainua kidole. Pale mbali na watu, alijiambia. Pale hapana madhara.

Siku ile ile Nassor alituma sauti kwenye kundi lao la WhatsApp: "Bi Mardhiya, hongera sana, umetutoa kimasomaso." Wenzake wakammiminia pongezi. Kabla ya isha jina lake lilikuwa la kwanza.

Ngwali Feruzi alikuwa mzee wa karibu miaka sabini, mjane. Babu yake alikuja kutoka Bara zamani kuchuma karafuu, akaoa hapa, akazikwa hapa. Baba yake alizaliwa na kuzikwa hapa. Ngwali mwenyewe hakuwahi kuvuka bahari zaidi ya Unguja, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko cha Mardhiya aliyekwenda skuli hadi kidato cha nne. Hata hivyo, watu wakimtaja walipenda kuongeza neno. "Ngwali yule wa kuja," walisema. Alikaa na binti yake, Kauthar, aliyekuwa na mtoto mchanga, na mume wa Kauthar alikuwa kazini Unguja. Mkewe Ngwali alifariki miaka miwili nyuma baada ya kuugua miezi minne, na katika miezi ile Mardhiya alikwenda pale kila siku, akamsafisha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko. Aliyegundua kwamba macho ya Ngwali yameanza kuingia mtoto wa jicho alikuwa Mardhiya pia, akampa barua ya kwenda hospitali. Ngwali aliiweka barua kwenye kabati na kusema atakwenda karafuu zikipungua.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja Mardhiya alikuwa Wawi tena, safari hii kwa semina ya malaria. Wakati wa chai, andazi mkononi, alifungua simu. Nassor alikuwa ametuma picha kwenye kundi: kisiki kipana cha msufi, kibichi, na nyuma yake mtu mzee amesimama na panga. Chini yake aliandika, "Tumefika leo kwenye kundi la popo 312. Mti umekatwa. Hakuna hata mmoja. Mwenye shamba anasema hajui habari za popo, na alipoulizwa alicheka."

Andazi lilimkauka mdomoni. Hakujua kwamba Ngwali alikuwa na msufi pale ukingoni, wala kwamba ameukata. Alianza kuandika: Nassor, naomba nikupigie. Akafuta. Akaandika: Kuna makosa kidogo kwenye. Akafuta. Kundi lilikuwa linasubiri; majina ya watu yalikuwa yakionekana wakiandika. Mtu wa Tumbe aliuliza, "Bi Mardhiya uko wapi? Si ndio wako hawa?"

Ndipo vidole vyake vikaandika, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Watu kumi na wanane waliirudia baada yake. Aliitazama ile safu ya maneno ya Mungu ikishuka kwenye kioo, yote imejengwa juu ya uongo wake, akahisi uso ukimwaka kama aliyepigwa kofi. Mwenzake wa semina alimuuliza kama kuna msiba. Alisema hapana.

Aliporudi, habari ilikuwa imemtangulia. Kila nyumba aliyoingia kuandika vyandarua, alitiliwa chai na kupewa pole. "Mia tatu, maskini, na wengine wana mimba," walisema wanawake, ambao babu zao walikula popo kwa wali na hawakuona tatizo. "Lakini unamtarajia nini yule? Hana uchungu na vitu vya hapa. Si kwao." Mardhiya aliandika idadi ya vyandarua, akafunga daftari, akaaga.

Kwa Ngwali alichelewa kwenda. Alipokwenda, Kauthar alimkaribisha kama kawaida, akamwekea mkeka, mtoto begani.

"Bi Mardhiya, mimi sijalala wiki nzima," alisema. "Baba hawezi kusema uongo. Na wewe huwezi kusema uongo. Sasa imekuwaje?"

Mardhiya alijishughulisha na kamba za mzani wa kumpimia mtoto. "Popo huhama," alisema. "Huenda walikuwa wamekwishahama."

Uso wa Kauthar ukachangamka. "Basi kawaambie hivyo! Wewe watakusikiliza. Kuna mkutano Jumamosi."

"Nitasema," alijibu Mardhiya, na njia nzima ya kurudi nyumbani alijipa moyo kwamba hilo lingetosha. Angesema popo huhama, watu wangeridhika, na mambo yangekwisha bila mtu yeyote kuumia.

Mkutano ulifanyika darasani skuli, wanaume mbele, wanawake madawati ya nyuma. Nassor alikuwa amebandika ubaoni ramani kubwa ya karatasi, na katikati yake ile nukta ilikuwa nyekundu kama kidonda. Sheha Haroub alifungua kwa dua, akaeleza kwamba shehia yao ilikuwa imeanza kujulikana, na sasa imejulikana kwa ubaya.

Ngwali alisimama, kofia mkononi. "Sheha, nti ule nliukata mie, na kibali ulinipa wewe. Ulishaliwa na mchwa ndani, umeinamia njia. Popo mie sikuwaona."

"Kibali kilikuwa cha mti, Mzee Ngwali, si cha popo," alisema sheha, na watu wakacheka.

"Mtu huweza kusema uongo," akasema mmoja wa mstari wa mbele. "Ramani inatoka satelaiti. Satelaiti itamsingizia nani?"

"Bi Mardhiya yupo hapa," alisema sheha. "Yeye ndiye shahidi. Bi Mardhiya, simama mama. Uliwaona, hukuwaona?"

Alisimama. "Niliwaona."

"Wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili. Niliwahesabu jioni tatu."

Kila neno lilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza wapi, maana nukta ilikuwa ubaoni. Alitaka kuongeza lile alilomwahidi Kauthar, kwamba popo huhama, lakini Ngwali alikuwa amegeuka, anatafuta kwa macho yake yenye ukungu ile sauti ilikotoka.

"Ni Mardhiya huyo aliyesema?" aliuliza.

"Ndiye," walimjibu.

Mzee aliizungusha kofia yake mkononi, mara moja, mara ya pili.

"Basi walikuwepo," alisema. "Macho yangu haya, yeye mwenyewe ndiye aliyenambia yana mtoto wa jicho. Vya juu sivioni vizuri tena. Ntu aliyemuuguza marehemu nke wangu kwa mikono yake hawezi kunisingizia. Kama yeye kawaona, walikuwepo, na mie nliwaangushia nti wao bila kujua. Na siku ile nlicheka. Nnaomba radhi kwenu nyote."

Akakaa. Watu wakaanza kunong'ona kwa kuridhika, kama wanavyofanya watu jambo likiisha kwa adabu. Mardhiya alikuwa bado amesimama. Mtu alimvuta baibui aketi. Sheha akatoa uamuzi: Mzee Ngwali apande miche ishirini kufidia mti, na jina lake liingizwe kwenye taarifa ya jumuiya. Mzee akaitika kwamba sawa.

Nje, mwanamke mmoja alimkumbatia Mardhiya. "Umemsitiri," alimwambia. "Ungeweza kumkandamiza, hukumkandamiza. Mungu akulipe."

Usiseme aliona haya. Haya ni kitu cha msichana akiangusha sahani mbele ya wageni. Hili lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki kooni: akimeza lipo, akikohoa lipo. Akisimama kuswali, sauti ya Ngwali ikisema "basi walikuwepo" ilimkata katikati ya Fatiha, akaanza upya, ikamkata tena. Aliacha njia ya kawaida akawa anazungukia mashamba ya mihogo ili asipite mbele ya ile nyumba. Ramani hakuifungua tena, asije akaliona jina lake juu ya orodha.

Siku ya nne alimwambia mama yake yote. Alitarajia kulaaniwa, na kwa kweli alikuwa akikutaka kulaaniwa. Bi Siti alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema kwa upole kabisa:

"Nyamaza, mwanangu. Yameshapita. Mwenyewe kakubali mbele ya watu. Atapanda miti yake, kwani miti ina hasara gani? Wewe una jina katika shehia hii. Yule ni Mnyamwezi tu, nani atamuuliza?"

Mardhiya alimtazama mama yake. Hakuweza kumkasirikia. Aliyasikia yale maneno na kuyatambua, kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Kidole chake kilipolipita shamba la Bi Bimkubwa mwenye wana watano, kikampita kaka wa sheha, kikaja kusimama kwa Ngwali, kilikuwa kimesema hayo hayo. Alijua. Toka siku ya kwanza alijua, hakutaka tu kujisikia.

Alasiri ya siku iliyofuata alikwenda. Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaisha, udongo laini. Ngwali alikuwa nyuma ya nyumba akichimba mashimo ya miche, anapima nafasi kwa fimbo kwa sababu hakuyaamini macho yake. Miche minane ilikuwa imeshapandwa kwenye mstari ulionyooka, na kumi na miwili ilisubiri kwenye vifuko. Kauthar alikuwa barazani ananyonyesha.

Mardhiya hakuketi. Alisema akiwa amesimama, kwa sababu alijua akiketi atapewa chai.

"Baba Ngwali, popo hawakuwa kwako. Hawakuwahi kuwa kwako. Wako makaburini kwetu, wapo hadi leo. Mama hakutaka watu waende pale. Nami nilitaka sifa. Nikaisogeza nukta nikaiweka kwako."

Jembe lilisimama. Ngwali hakugeuka. Aliegemeza mikono juu ya mpini, na alipotamka, la kwanza halikuwa lile Mardhiya alilolitarajia.

"Kwa hivyo macho yangu hayajafika huko."

"Hayajafika huko, baba."

"Kila asubuhi toka mkutano ule," alisema mzee taratibu, "nnatoka nje nnatazama juu ya minazi. Nnahesabu makuti. Halafu nnamwita Kauthar ahesabu na yeye, nijue kama nnaona ama nnajidanganya." Akageuka. "Mbona kwangu?"

Angeweza kusema: kwa sababu ni mbali na watu. Lilikuwa ulimini tayari.

"Kwa sababu nilijua hutakuwa na mtu wa kukusemea," alisema.

Kauthar aliinuka barazani. Mtoto alilia, akamtuliza bila kumtazama. "Nilikuuliza," alisema. "Ulikaa kwenye mkeka wangu, nikakuuliza uso kwa uso." Sauti yake ilikuwa ndogo, haikupanda. "Ondoka, Bi Mardhiya."

Ngwali aliinua mkono kumnyamazisha binti yake. Alimwambia Mardhiya neno moja tu la kumalizia: "Kaseme pale pale uliposemea. Na mbele ya wale wale." Kisha akarudi kwenye shimo lake, lakini hakuchimba. Alibaki ameliangalia.

Sheha Haroub hakupenda. Alimkaribisha ukumbini kwake na kumshauri kwa maneno mazuri. Shehia itachekwa. Ramani nzima itatiliwa shaka, na kazi ya Nassor wa watu itaharibika. Si bora tufute jina la mzee kimya kimya, miche aache, kila mtu alale? "Stara ni jambo kubwa katika dini yetu, Bi Mardhiya."

"Stara ya nani, sheha?" aliuliza Mardhiya. Sheha akachukua kalamu, akaandika tarehe ya mkutano.

Watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, maana walikuwa wamenusa. Mardhiya alisimama mbele, upande wa ubao, na kusema yote: makaburi, hesabu, orodha ya majina, kidole. Alisema alivyoandika Inna lillahi. Alisema alivyosimama palepale akatoa ushahidi wa maneno ya kweli kwa jambo la uongo. Hakulia, kwa kuwa alihisi kulia kungekuwa ni kuomba. Mwanamke aliyemkumbatia mara ya kwanza alipaza sauti kutoka nyuma:

"Lakini kwa nini kwake? Mashamba yote haya!"

Akarudia lile alilomwambia Ngwali, kwamba alijua hana wa kumsemea, kwamba alijua wote tungesema si wa hapa. Aliposema "tungesema" wanaume wa mstari wa mbele walitazama miguu yao. Yule aliyeitetea satelaiti alijifanya kutafuta kitu kwenye kanzu yake.

Nassor aliitoa karatasi ubaoni mwenyewe, akaikunja. Alipopita karibu na Mardhiya alisimama, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali: "Kulikuwa na kitufe, Bi Mardhiya. Cha kuficha mahali. Unaandika mnyama, na mahali hapaonekani kwa mtu isipokuwa sisi. Nilifundisha siku ya pili."

Hilo nalo alikwenda nalo nyumbani.

Ngwali aliulizwa kama ana la kusema. Alisimama, akasema miche minane aliyoipanda itabaki, kwani mti hauna kosa, lakini kumi na miwili iliyobaki mpelekeeni mwenyewe. Akavaa kofia yake, akamshika bega Kauthar, wakatoka. Sheha alimfuata hadi mlangoni akimwomba radhi kwa niaba ya shehia. Mzee alimsikiliza, akampa mkono, hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe.

Jumuiya iliiondoa ile rekodi, ikamwondoa Mardhiya kwenye kazi. Jina lake lilitoweka kwenye orodha usiku mmoja tu, na ajabu ni kwamba hilo halikumuuma hata kidogo. Kilichomuuma kilikuwa mizani. Akina mama waliendelea kumletea watoto, kwa kuwa hakukuwa na mhudumu mwingine karibu. Lakini sasa walisogea wakasoma mshale wenyewe, kisha wakainamia daftari kuona ameandika ngapi. Mmoja alisoma kwa sauti, "Kilo saba na nusu, eeh?" na Mardhiya akamgeuzia daftari aone vizuri. Ikawa ndiyo desturi yake: akishaandika, analigeuza daftari kabla hajaombwa.

Miche kumi na miwili ililetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe ikashushwa mbele ya nyumba yao, watu wakiona. Aliipanda pembeni mwa njia, siku mbili, peke yake. Bi Siti hakusema naye kwa wiki, si kwa ajili ya Ngwali, bali kwa kuwataja wafu wao mkutanoni. Halafu watu kadhaa walikuja kuwaona popo, wakavua viatu bila kuambiwa, wakasimama nje ya makaburi, na Bi Siti akaanza kuongea tena, ingawa kwa ufupi.

Ramadhani ilipoingia, Mardhiya alipika tambi za nazi, akaweka kwenye bakuli lake bora, akalifunika kwa kawa na kulipeleka kwa Ngwali kabla ya magharibi. Kauthar alilipokea mlangoni. Kila mtu kisiwani anajua bakuli la jirani halirudi tupu. Hata kama huna kitu utatia ndizi mbili, utatia chumvi. Kesho yake lilirudishwa na mtoto wa jirani. Lilikuwa limeoshwa, limekaushwa, na halina kitu ndani.

Mardhiya alilishika mkononi kwa muda pale mlangoni. Hakuona uchungu, au aliona na akaona unastahili. Bi Siti aliliona bakuli lile, akaguna, akaanza kusema jambo juu ya watu wasio na adabu, lakini alipomtazama binti yake akaliacha.

Alasiri ile Mardhiya alikuna nazi nyingine. Safari hii alipika mihogo, akaitia kwenye bakuli lile lile.